Wifi Yangu, Ruta Yetu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza leo. Mtandao umekatika mara nne. Chiriku amelia mara moja, mimi nusu.

Chiriku ni binti yangu wa pekee, ana miaka kumi na sita. Tumemwita hivyo kwa sababu mdomo wake haupumziki. Wiki tatu zilizopita aliteleza kwenye ngazi za shule akavunjika mfupa wa paja, na sasa amefungwa plasta kutoka kiunoni hadi kwenye vidole vya mguu. Miezi mitatu ya kulala chali. Mwalimu mkuu amekubali asome kwa kompyuta akiwa kitandani, lakini amenipa masharti mawili, na ameyasema polepole kama mtu anayemsomea mwenzake hukumu: akikosa masomo zaidi ya siku kumi, atarudia mwaka, na mtihani wa mdomo ni tarehe 23 Mei, haumsubiri mtu.

Kwa hiyo tukaweka antena juu ya paa, waya ukashuka, na ruta ikaingia nyumbani. Ina pembe mbili kama mende. Nimeificha ndani ya kabati la vioo, nyuma ya sahani za wageni, maana sikuona sababu ya kukaribisha mende sebuleni.

Mimi nashinda kwenye kiwanda cha uchapaji, nasahihisha maandishi kabla hayajachapwa. Mume wangu seremala, anashinda kwenye karakana yake ya uani, ambako kelele za msumeno hazimwachi asikie akiitwa. Nani atabaki na mtoto? Jioni mume wangu amekohoa, amejikuna shingo, ndipo akasema: "Dada anakuja."

Nimetabasamu kwa meno tu.

Jumatano, 5 Machi

Wifi yangu amefika. Alikuwa muuguzi wa wodi miaka thelathini na moja, amestaafu Desemba. Amekuja na sanduku moja na saa ya ukutani. Amenawa mikono kabla ya kunisalimia, ameenda kwa Chiriku, amemgeuza kidogo, amemtazama mgongo, amesema "Vizuri," kisha akapigilia msumari na kutundika saa yake.

"Chumba cha mgonjwa bila saa ni chumba cha kulala tu," kaniambia.

Chiriku hakukosa la kusema: "Mama, sasa tuna waifai na wifi. Waifai inakatikakatika, wifi hakatishwi maneno."

Mume wangu amecheka mpaka chai ikampalia. Mimi nimeuliza nani anataka sukari.

Jumamosi, 8 Machi

Amehamisha masufuria yangu. Yote.

Jumatano, 12 Machi

Fundi wa kampuni ya mtandao amekuja asubuhi, jua likiwaka. Amechungulia kabatini, amebonyeza simu yake, amesema kila kitu kiko sawa. "Ikisumbua tena nipigieni, kesho nitapita." Ni mara ya tatu kusema kesho. Chiriku amembatiza Fundi Kesho.

Saa nane mawingu yamekusanyika, saa tisa mvua, saa tisa na kitu mtandao ukafa katikati ya kipindi cha hesabu. Mwalimu hawezi kumhesabu mtoto ambaye hamwoni. Siku ya tano kati ya zile kumi imekatwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimerudi nimekuta karatasi kubwa imebandikwa ukutani kando ya kabati, imepigwa mistari kwa rula. Saa. Taa za ruta. Mbingu. Tulichokuwa tunafanya. Wifi ameanza kuandika kila mtandao unapokatika na kila unaporudi.

"Dada, mgonjwa wako wa pili anaendeleaje?" mume wangu akamtania.

Hakucheka. "Mgonjwa ni mtoto. Hii ni mashine, haisikii maumivu. Lakini hata mashine ina sababu zake. Macho yanasahau, karatasi haisahau."

Aliandika "imezima gafla". Nilikuwa na kalamu yangu nyekundu mfukoni, mkono ukaenda wenyewe, nikaongeza h. Mazoea ya kazi. Aliniona. Akaenda kumpa Chiriku maji.

Jumatatu, 17 Machi

Leo tumegombana, ingawa kwa sauti za watu wazima. Nimeingia nikakuta sahani zangu za wageni juu ya meza na ruta nje ya kabati.

"Wifi, hicho kitu ni kibaya kutazama," nilimwambia.

"Mtu akijifunika blanketi gubigubi halafu akakuita kutoka chumba cha tatu, utamsikia?" Akachukua simu ya Chiriku, akaiweka ruta kabatini, akanionyesha: mistari miwili ya mtandao chumbani kwa mtoto. Akaitoa, akaipandisha juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, katikati ya korido. Mistari minne.

Nikanuna. Mume wangu, ambaye nilimbembeleza miaka miwili atengeneze lile kabati, alitengeneza rafu ya ruta kwa saa moja kutokana na kipande cha mbao kilichobaki. Ameipiga randa mpaka kingo. Iko koridoni, juu, peupe, mbali na friji na mbali na kioo. Nimenuna hadi chakula cha jioni, halafu nikachoka kununa.

Jumamosi, 22 Machi

Lazima niandike haya ingawa yananiaibisha.

Kwa mwaka mzima nimeamini kwamba Kinyozi, jirani tunayepakana naye ukuta, anaiba waifai. Tulikuwa na waifai hata kabla ya antena hii, na ile ya zamani nayo ilikuwa ikizubaa. Simsalimii. Nikimwona napekua mkoba. Leo nimemweleza wifi yangu, nikitegemea ataungana nami.

"Tumhesabu kwanza," akasema. Yeye na Chiriku wakafungua ukurasa wa ruta kwenye kompyuta, wakasoma orodha ya vifaa vyote vilivyounganishwa. Sita. Kompyuta ya mtoto, simu zetu nne, na kimoja kisicho na jina. "Huyo hapo!" nikapiga kelele.

Wifi alikizuia kile kifaa, akakaa na kusubiri. Dakika kumi baadaye mume wangu akatokea mlangoni kutoka karakana yake ya uani, akifuta vumbi la mbao. "Jamani, mpira wangu mbona umesimama?"

Simu yake ya zamani. Inaonyesha mechi juu ya benchi la kazi tangu asubuhi mpaka jioni, iwe anaitazama, iwe haitazami. Chiriku alicheka mpaka wifi akamkataza kwa ajili ya mfupa.

Kisha wifi akavaa viatu akaenda kwa Kinyozi. Alikaa huko nusu saa. Akarudi na habari kwamba ruta yetu na yake zilikuwa kwenye chaneli moja. "Mlikuwa mnapigiana kelele kwenye mlango mmoja. Nyinyi mmebaki na ile, yeye amehamia nyingine. Na anakusalimu."

"Ananisalimu mimi?"

"Amesema mama wa mtoto aliyevunjika mguu. Kuna mwingine?"

Jumatano, 26 Machi

Wifi anasoma kijitabu cha ruta kama mtu anayesoma wosia, miwani kwenye ncha ya pua, kidole kikifuata mstari. Amegundua neno la siri ni lile lile lililobandikwa chini ya mashine ilipotengenezwa. Nilipendekeza tuweke tarehe ya kuzaliwa ya Chiriku.

"Ambayo inajulikana na shule nzima," akajibu.

Tumekaa wanne tukitunga sentensi ambayo hakuna mtu mwenye akili angeitunga. Ya mume wangu imeshinda. Siiandiki hapa, ila ndani yake kuna chura na pasi. Wifi ameinakili, ameitia kwenye bahasha, bahasha kwenye droo ya vyeti. Wageni wamewekewa mlango wao peke yao wa mtandao, wenye neno lao.

Nimeona leo kwamba hapandishi sauti hata siku moja. Hata anapokosea anasema "Tena," anaanza upya.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Imekatika. Siku ya saba.

Alhamisi, 3 Aprili

Wifi ameondoka alfajiri kwenda hospitali kuchukua picha za mguu na dawa. Mimi nimeomba ruhusa kazini nibaki. Saa nne Chiriku alikuwa na jaribio la fizikia. Saa tatu na nusu, mvua. Saa tatu na dakika arobaini na tano, taa nyekundu.

"Mama, fanya kitu!"

Nilichomoa waya, nikachomeka. Nyekundu. Nilipuliza. Nikaipiga kofi, Mungu anisamehe. Nyuma yake kuna tundu dogo, nikakumbuka mtu kazini alisema ukibonyeza pale mashine inapata nguvu mpya. Nikatwaa pini, nikabonyeza mpaka taa zote zikapepesa pamoja, nikafurahi.

Iliporudi, haikuwa yetu tena. Haikuwa na jina, haikujua sentensi ya chura, haikujua chochote. Ilikuwa kama siku ilipotoka kiwandani. Nilikuwa nimefuta kazi yote ya wiki tatu kwa pini.

"Imekuwaje?" Chiriku akauliza kutoka chumbani.

Nikamjibu: "Labda umeme umetikisika."

Ndivyo nilivyosema. Ninaandika kama nilivyosema.

Wifi amerudi saa saba, kaloa mpaka mifupani. Akatazama ruta, akatazama uso wangu, akavua viatu. Hakubadilisha hata kitambaa cha kichwa. Akavuta kigoda koridoni, akachukua kijitabu, akapiga simu kampuni, akasikilizishwa muziki, akasubiri. Saa nane. Saa tisa. Walimpa namba ndefu, akazirudia moja moja, akaziandika. Saa kumi simu ikakatika, akaanza upya na mtu mwingine. Saa kumi na moja na nusu taa ya kijani ikasimama. Akaingiza jina, sentensi, mlango wa wageni, chaneli, kila kitu, kutoka kwenye karatasi zake. Bila karatasi zile tungekuwa tumeanza sifuri.

Nilimpelekea chai mara mbili. Mara zote mbili nilitazama kikombe.

Siku ya nane imekatwa.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo sina la kuandika. Ninalo, lakini siandiki.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilikuwa napita koridoni na nguo za kufua, macho yakaangukia karatasi ya ukutani, iliyohamishiwa kando ya rafu. Mistari yote kwa mwandiko wake wa kulala kulia. Na katikati:

*3 Aprili. Saa 3.50 asubuhi. Mvua. Ruta imefutwa kwa pini. Sababu: mama amechoka.*

Nilisoma mara tatu. Kazi yangu ni kusoma, lakini mstari huo ndio ulionisoma mimi. Nikaweka nguo chini nikaenda jikoni. Alikuwa anachambua mchele.

"Wifi," nikasema, "ulijua."

"Pini uliiacha juu ya rafu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme ili iweje?" Akaendelea kuchambua. "Mtoto angekukasirikia, kaka yangu angekutania mwaka mzima, na ruta ingekuwa bado imefutika. Nimeandika, inatosha. Wodini kosa likifichwa linarudi na ndugu zake. Likiandikwa linabaki lenyewe."

Nikamwambia naona aibu. Akasogeza sinia upande wangu ili nami nichambue. Kisha akasema, macho kwenye mchele:

"Mwaka wangu wa kwanza nilimpa mzee mmoja dawa ya mwenzake. Alipona, Mungu mkubwa. Mkubwa wangu hakunigombeza. Alinipa kalamu, akasema andika ulichofanya na uandike ulikuwa umesimama saa ngapi bila kukaa. Nilikuwa nimesimama saa kumi na nne. Ndipo nikajua sababu ni sehemu ya kosa."

"Mimi nilidhani hunipendi," nikamwambia. Sijui maneno yalitokea wapi. "Tangu harusi yetu. Miaka kumi na minane hujawahi kuniandikia hata barua moja. Salamu zote unapitisha kwa kaka yako."

Hapo akaacha mchele.

"Nilikuandikia. Nyingi. Nikazichana." Akavua miwani. "Mimi shule niliiacha mapema, nikaingia uuguzi kwa mlango wa nyuma, nikifagia kwanza. Na kaka yangu anaoa mtu ambaye kazi yake ni kukamata makosa ya watu! Ningekuandikia vipi? Nilikuwa naona kalamu nyekundu kabla sijafunga bahasha."

Nikaikumbuka ile h. Nikatamani ardhi inimeze pamoja na kalamu.

"Nisamehe ile h, wifi."

"Ilitakiwa iwepo," akasema. "Sasa naiandika kila mahali. Hata pasipotakiwa."

Tulicheka mpaka Chiriku akagonga ukuta kwa rula akitaka kujua kuna nini.

Jumamosi, 12 Aprili

Wifi ametandaza karatasi zote mezani, ametuita. Mtandao umekatika mara ishirini na tatu. Mara ishirini na moja ni ndani ya nusu saa baada ya mvua kuanza, na unarudi saa moja au mbili baada ya mvua kuisha. Mbili zilizobaki: moja ni ya pini, nyingine ni mume wangu alipochomoa waya apate pa kuchomeka keekee yake ya kutoboa mbao.

"Fundi wetu anakuja jua likiwaka," akasema. "Anakuta mgonjwa ni mzima, anatembea. Maji yanaingia mahali, na hapo mahali si ndani ya nyumba."

Mume wangu aliinama juu ya karatasi muda mrefu. "Dada," akasema, na safari hii hakuwa anatania, "mimi napima mbao mara mbili nikidhani najua kupima."

Jumanne, 15 Aprili

Mvua imeanza saa tano. Wifi akanyanyua simu. Nilikuwa likizo ya siku moja, kwa hiyo nimesikia kwa masikio yangu.

"Fundi, usije kesho. Njoo sasa hivi, inanyesha."

Sauti ya kijana ikacheka, ikasema mama, na mvua hii?

"Mwanangu, nimeuguza miaka thelathini na moja. Sijawahi kumwambia daktari asubiri mgonjwa apone ndipo aje amtazame."

Fundi akajibu: "Nakuja."

Amefika na koti la mvua linalochuruzika. Wifi akampa taulo kwanza, kisha karatasi. Akasoma amesimama. Akasoma tena ameketi. Ameuliza swali moja tu: "Nani kakufundisha kuandika hivi?" Wifi akajibu: "Wagonjwa."

Hakumruhusu kupanda ngazi radi ikipiga. Walisubiri wote wawili dirishani, wakinywa chai kama watu wa zamu moja. Mvua ilipopungua akapanda. Akaita kutoka juu. Kwenye kisanduku ambamo waya wa antena unaungana na waya wa kushuka, maji yalikuwa yamejaa kama kikombe, na kiunganishi kimeota kutu ya kijani. Waya ulikuwa unashuka moja kwa moja na kuingia tunduni, kwa hiyo kila tone la paa lilipewa barabara. Amekata, ameweka kiunganishi kipya, ameziba, kisha amelegeza waya ufanye tumbo chini ya tundu, matone yadondokee pale yasiingie ndani.

Aliposhuka alivua kofia mbele ya wifi yangu. "Mama, nimekuja hapa mara nne nikasema ni sawa. Haikuwa sawa. Naomba nipige picha hiyo karatasi niwaonyeshe wenzangu."

"Piga," akasema. "Lakini ufiche mstari wa tarehe tatu. Huo ni wa familia."

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua kutwa. Haikukatika. Chiriku kasoma vipindi sita akalalamika kwamba ni vingi.

Ijumaa, 9 Mei

Plasta imekatwa. Mguu umetoka mwembamba, mweupe kwa vumbi la plasta, kama si wa mtoto wangu. Chiriku aliutazama akanyamaza kimya, yeye! Wifi akaupaka mafuta taratibu kutoka nyayo hadi pajani, akiuongelesha mguu, Chiriku akisikia: "Utarudi tu. Ulikuwa umelazwa, sasa umeruhusiwa." Daktari anasema magongo, mazoezi, na ngazi za shule zisubiri Juni. Mtihani ataufanyia nyumbani.

Jumamosi, 17 Mei

Zimebaki siku sita. Wifi amewauliza wote: "Kipi kinaweza kuharibika?" na ameandika. Umeme: tumepata betri ndogo ya akiba ya ruta, na kompyuta itajazwa chaji usiku uliotangulia. Vumbi: ruta imefutwa kwa kitambaa kikavu, matundu yake yakapumua. Mpira: mume wangu ameapa. Antena: "Hiyo hatuiwezi. Kwa hiyo tunahitaji mlango wa pili."

Mlango wa pili ni Kinyozi. Mtandao wake ni wa kampuni nyingine, waya wake unapita chini ya ardhi, na ana betri kubwa dukani kwa sababu, alivyomwambia wifi, umeme ukikatika mteja hawezi kurudi ofisini na nusu kichwa.

"Nenda kamwombe," wifi akaniambia.

"Wewe ndiye unayeelewana naye."

"Ndiyo maana."

Nikaenda. Miguu mizito. Nilimwita mtu huyu mwizi moyoni mwaka mzima, na mwizi kumbe alikuwa mume wangu, mezani kwangu, anakula ugali wangu na kunisifia. Nikamsalimia, nikaeleza, sauti ikigoma. Akasimamisha mashine yake.

"Mama Chiriku, mimi nilidhani unachukia tu harufu ya spiriti." Akafuta mikono, akaja mpaka nyumbani, akaingiza neno lake la siri kwenye kompyuta kwa mkono wake. Tumejaribu. Kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine: sekunde hamsini mara ya kwanza, arobaini ya pili. Wifi amemfundisha Chiriku la kusema, na wamekubaliana ishara: kidole kimoja juu.

Ijumaa, 23 Mei

Nitaandika yote, kwa mpangilio, kabla mikono haijapoa.

Tumeamka na upepo. Si mvua tu. Upepo wa kupindua ndoo. Saa mbili na nusu Chiriku ameketi mezani chumbani kwake, nywele zimechanwa, mguu juu ya mto. Wifi amekaa kwenye kigoda koridoni, mahali ambapo anaziona taa za ruta kwa jicho moja na Chiriku kwa jicho lingine. Mume wangu kaegemea mlango. Mimi sikujua pa kusimama.

Saa tatu kamili watahini watatu wametokea kwenye kioo cha kompyuta. Mwenye miwani akamwomba aanze. Chiriku akaanza vizuri, sauti yake ile ile, ila imevaa nguo za kutokea.

Saa tatu na dakika kumi na mbili, friji ikanyamaza. Umeme. Nilitazama ruta: kijani. Ile betri ndogo, ambayo nilikuwa nimeiona kama uwoga wa mtu mzima, ilikuwa imebeba nyumba. Wifi hakusogea.

Saa tatu na dakika ishirini na tano, kitu kikagonga juu ya paa, kikakwaruza. Taa ikawa nyekundu.

Wifi akanyanyua kidole kimoja. Taratibu, kama mtu anayeomba nafasi ya kusema. Uso wake haukubadilika, na kwa kuwa haukubadilika, wa Chiriku nao haukubadilika. Picha ya watahini ilikuwa inaganda. Chiriku akawahi kusema: "Samahani, nabadilisha mtandao, nitarejea chini ya dakika moja." Sijui kama walisikia.

Akabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Nilitazama ile saa ya ukutani. Sekunde kumi. Ishirini. Mume wangu alikuwa ameuma kofia yake, sisemi kwa mfano. Thelathini. Thelathini na tano. Nikajikuta nimeshika ukingo wa mlango kama tuko melini.

Kisha sauti: "...tunakusikia. Endelea ulipoishia."

Na akaendelea alipoishia! Neno kwa neno. Dakika ishirini na tano nyingine, maswali na majibu, upepo ukilia, bila kukatika hata mara moja. Waliposema asante na kioo kikafunga, nyumba nzima ilipiga kelele.

Ila wifi. Alibaki kwenye kigoda. Nilipomfikia ndipo nikaona mikono yake, aliyokuwa ameikunja ndani ya kanga: ilikuwa inatetemeka yote miwili, vibaya. Nikapiga magoti nikaishika.

"Siku zote huwa hivyo?" nikamwuliza.

"Siku zote," akasema. "Baadaye. Ukiiambia isubiri, inasubiri."

Mchana nimeenda kumshukuru Kinyozi. Kumbe umeme ulipokatika aliwaomba wateja wote wanne wazime simu zao, ili njia iwe nyeupe kwa mtoto. Walizima. Mmoja alikuwa katikati ya kunyolewa, akasema hata mashine izime kama inasaidia. Wamekaa gizani kimya, watu wazima, wakimsubiri mtoto wa jirani amalize mtihani.

Jumatano, 28 Mei

Amefaulu. Mwalimu mkuu amepiga simu mwenyewe. Antena ilikuwa imegeuzwa na upepo ikitazama kwa majirani; fundi ameirudisha siku ile ile ya Ijumaa, jioni, bila kuambiwa mara mbili. Chiriku amempandisha cheo: sasa ni Fundi Leo.

Jumapili, 1 Juni

Wifi ameondoka. Nilimwomba abaki. Nilimwomba vizuri, si kwa meno.

"Nyumba yangu imefungwa miezi mitatu, itanisahau," akasema. Kabla ya kupanda gari alinishika bega: "Vumbi kila mwezi. Masasisho ya ruta yakija, uyakubali, ila si mtoto akiwa darasani. Na tundu lile..."

"Silijui," nikasema.

Amepanda akicheka.

Alhamisi, 19 Juni

Chiriku ametembea kwenda shule kwa gongo moja. Nimebaki nyumbani na kurasa za kusahihisha. Mvua imepita mchana, kubwa, ikaisha. Niliinua kichwa saa kumi ndipo nikagundua kwamba mtandao haukukatika leo. Wala jana. Nimehesabu: tangu aondoke haujakatika hata mara moja, na hakuna mtu katika nyumba hii aliyesema neno juu yake. Tunapita chini ya rafu ile kama tunavyopita chini ya paa.

Nimewaza: ndivyo ilivyokuwa kazi yake maisha yote. Usiku ambao hakuna aliyekufa, nani alirudi asubuhi kumshukuru?

Nikampigia.

"Kuna nini?" akapokea kwa sauti ya haraka. "Mtoto? Ruta? Taa gani?"

"Hakuna kitu, wifi. Mtoto mzima, taa ni kijani. Nimepiga kukwambia kwamba hakuna tatizo."

Nikadhani simu imekatika, nikaita: "Wifi? Wifi?"

"Nipo," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Miaka thelathini na moja sijawahi kupigiwa simu ya hivyo. Hebu rudia, wifi. Polepole."

Nikarudia.